Mirija iliyoziba: ugumba unaoanzia kwenye maambukizi yasiyotibiwa

Ukifungua makundi ya WhatsApp ya akina mama, hutakosa tangazo la dawa ya kuzibua mirija. Chupa kadhaa, masharti ya chakula, na ahadi ya mimba ndani ya miezi michache. Anayenunua mara nyingi ni mwanamke aliyekwisha kuzunguka hospitali, akaambiwa kwa maneno machache kwamba mirija yake imeziba, akarudi nyumbani bila kuelezwa imezibwa na nini na kama bado kuna la kufanya. Huko nyumbani mawifi wanahesabu miaka, mama mkwe ameanza kuuliza maswali, na mume hajapimwa hata mara moja.

Kuziba kwa mirija kunaeleza sehemu kubwa sana ya ugumba wa wanawake barani Afrika. Utafiti umeshasema mengi kuhusu jambo hili, lakini kidogo tu ndicho kinachowafikia wanaolihitaji.

Tuanze na mrija wenyewe. Kila mwanamke ana miwili, mmoja kila upande wa kizazi, na kila mmoja una urefu wa sentimita kama 10 hadi 12. Sehemu inayoungana na kizazi ni nyembamba mno, uwazi wake ni kama milimita moja tu. Ncha ya pili, iliyo karibu na kokwa la mayai, imechanua na kuwa na vidole laini vinavyolidaka yai linapotoka. Ndani ya mrija kuna utando uliojaa vinyweleo visivyoonekana kwa macho, navyo hupepea muda wote kuelekea kwenye kizazi. Yai na mbegu ya kiume hukutana humo, na kiinitete hukaa humo siku tatu au nne kikigawanyika kabla ya kushuka kwenye kizazi. Kwa hiyo mrija unadaka, unasukuma na kutunza.

Hapo ndipo wazo la kuzibua linapokwama. Lingekuwa bomba la maji, ungepitisha waya, uchafu ukatoka, maji yakatiririka. Lakini mrija ulioharibiwa na maambukizi hauna uchafu wa kutoa. Una makovu. Utando umeshikana, vinyweleo vimekufa, na zile ncha zenye vidole zimejikunja na kugandiana. Hakuna dawa ya kunywa, iwe ya kienyeji au ya dukani, iliyothibitishwa kuondoa kovu hilo na kurudisha vinyweleo. Nalisema hili wazi kwa sababu fedha inayokwenda kwenye chupa hizo ni ya watu wasio nayo, na muda unaopotea ni wa mayai ambayo hayasubiri.

Makovu hayo hutoka wapi? Wahusika wakuu ni bakteria wa klamidia na kisonono. Huanza kwenye shingo ya kizazi, na wasipotibiwa, kwa baadhi ya wanawake hupanda hadi kwenye kizazi na mirija. Hali hiyo madaktari wetu huiita PID, yaani maambukizi ya via vya uzazi vya ndani. Klamidia ndiyo yenye hila zaidi, kwa sababu wanawake walio wengi walio nayo hawahisi chochote. Hakuna muwasho, hakuna harufu, hakuna homa. Bakteria huyu hujificha ndani ya chembe za mwili, na sehemu kubwa ya madhara hutokana na kinga ya mwili yenyewe inavyopambana naye kwa wiki na miezi. Vita vikiisha, kovu hubaki.

Kuna njia nyingine pia, na ni lazima zitajwe, maana mwanamke mwenye mirija iliyoziba hutazamwa kana kwamba lazima alikuwa na mambo yake. Maambukizi baada ya kujifungua katika mazingira machafu huziba mirija. Kuharibika kwa mimba kusikohudumiwa vizuri huziba mirija, na utoaji mimba usio salama vilevile. Kifua kikuu, ambacho wengi wanakijua kwa kikohozi tu, huweza kufika kwenye mirija bila mgonjwa kukohoa hata kidogo. Wanaokaa kando ya Ziwa Victoria au Unguja na Pemba wanaijua kichocho. Mayai ya minyoo yake hukwama kwenye viungo vya uzazi vya mwanamke na kuacha vidonda na makovu. Tena hata pale maambukizi yalipokuja kwa kujamiiana, wako wanawake wengi ambao hawakuwahi kuwa na mwanamume mwingine zaidi ya mume wao.

Ukubwa wa tatizo ulionekana wazi kwenye utafiti wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970. Vituo 33 katika nchi 25 viliwapima wanandoa wenye ugumba kwa utaratibu mmoja, na zaidi ya wanandoa 5,800 walikamilisha vipimo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1985 yalishtua: kwa wanawake wa Afrika kusini mwa Sahara, zaidi ya asilimia 85 walikuwa na tatizo lililoweza kuhusishwa na maambukizi, wakati kwa dunia nzima ilikuwa asilimia 33. Utafiti huo una mipaka yake. Uliwahusu watu waliofika hospitali, na umepitwa na miaka 40. Leo umri wa kuanza kuzaa umepanda mijini, na matatizo ya homoni yanatambuliwa zaidi kuliko zamani. Hata hivyo picha kuu haijafutika. Inaeleza kwa nini kwetu ni jambo la kawaida kukutana na mwanamke aliyepata mtoto wa kwanza bila shida, kisha akakaa miaka minane bila wa pili. Kitu kilitokea katikati, mara nyingi wakati wa uzazi ule ule wa kwanza au muda mfupi baadaye.

Historia ya bara letu inaongeza uzito. Kuanzia kaskazini mwa Kongo kupita Jamhuri ya Afrika ya Kati hadi Gabon na sehemu za Kamerun, kulikuwa na eneo ambalo watafiti waliliita ukanda wa ugumba. Katika baadhi ya jamii huko, wanawake wengi mno walifika uzeeni bila mtoto hata mmoja. Watawala wa kikoloni walikuwa wepesi kulaumu tabia za watu, huku kazi za kulazimishwa, mashamba ya mpira na watu kuhamishwa huku na kule vikisambaza magonjwa. Penisilini ilipoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, uzazi ulipanda katika sehemu nyingi za ukanda huo. Hata hivyo, mwaka 1979 Gabon bado ilikuwa na wasiwasi kiasi cha kuanzisha kituo cha utafiti wa kitabibu mjini Franceville, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kuchunguza kwa nini wanawake wake hawazai.

Sasa tuje kwenye IVF, yaani kutungisha mimba maabara na kuipandikiza, maana hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Mwanamke wa kwanza duniani kujifungua kwa njia ya kupandikiza, Lesley Brown wa Uingereza, alikuwa na mirija iliyoziba. Alikuwa amehangaika kwa miaka tisa. Robert Edwards, mwanasayansi, Patrick Steptoe, daktari wa upasuaji, na Jean Purdy, muuguzi aliyekuja kuwa mtaalamu wa viinitete, walitafuta njia ya kuukwepa mrija kabisa: kulichukua yai kwenye kokwa, kulikutanisha na mbegu kwenye chombo cha maabara, kisha kukirudisha kiinitete moja kwa moja kwenye kizazi. Mimba ya kwanza waliyoifanikisha ilitunga nje ya kizazi na ikapotea. Mtoto wa kwanza wa njia hiyo, Louise Brown, binti wa Lesley, alizaliwa Oldham tarehe 25 Julai 1978. Edwards alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2010. Purdy alikuwa amefariki tangu 1985, na kwa miaka mingi jina lake halikuwekwa kwenye kibao cha kumbukumbu pale hospitalini.

Kwa maneno mengine, IVF ilibuniwa kwa ajili ya ugonjwa ule ule unaowasumbua zaidi wanawake wa Afrika. Na Afrika ndiko inakopatikana kwa shida zaidi.

Sababu ya hali hiyo ilionekana mapema. Mwaka 1971 Edwards na Steptoe waliliomba Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza fedha za muda mrefu, wakanyimwa. Wanahistoria waliochambua nyaraka za uamuzi huo wanataja sababu kadhaa, na mojawapo ni kwamba wakati ule tatizo lililoonekana kubwa lilikuwa watu kuongezeka kupita kiasi. Ugumba haukuhesabiwa kuwa jambo la haraka. Mtazamo huo ulisafiri hadi kwetu pamoja na fedha za wafadhili. Kwa miongo mingi, afya ya uzazi katika zahanati zetu ilimaanisha uzazi wa mpango na huduma za wajawazito. Anayetaka mtoto na hapati hakuwa na dirisha la kupanga foleni. Mimi naamini huko ni kuwakosea watu haki. Idadi kubwa ya watoto wanaozaliwa katika nchi haimfuti machozi yule asiyeitwa mama, na katika jamii zetu gharama ya kutozaa huwa ni ndoa, urithi na heshima.

Leo kliniki za IVF zipo Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na kwingineko. Uganda ilipata mtoto wake wa kwanza wa IVF mwaka 2004 na Kenya mwaka 2006. Lakini mzunguko mmoja nchini Kenya hugharimu mamia ya maelfu ya shilingi, nao hauhakikishi mtoto. Nchini Afrika Kusini, watafiti waliofuatilia wanandoa waliotibiwa katika hospitali ya umma, ambako bei ilikuwa na ruzuku, walikuta kwamba mmoja kati ya watano hivi aliingia kwenye matumizi ya kufilisi familia. Miongoni mwa maskini zaidi hali ilikuwa mbaya mno.

Kuna waliojaribu kuishusha bei kwa kuibadili maabara yenyewe. Sehemu kubwa ya gharama ni mashine zinazodhibiti hewa, na hasa kiwango cha kabonidayoksaidi, pale viinitete vinapokua. Jonathan Van Blerkom wa Marekani na Willem Ombelet wa Ubelgiji walibuni mfumo wa mirija miwili ya kioo: katika mmoja, asidi ya sitriki inachanganywa na magadi ya kuokea na kutoa gesi hiyo, gesi inapita kwenye kijibomba hadi mrija wa pili, ambamo yai na mbegu hukutana na kubaki bila kuguswa. Watoto walianza kuzaliwa kwa njia hii mjini Genk mwaka 2012, na viinitete vyake vililinganishwa vizuri na vile vya maabara ya kawaida. Ghana ni miongoni mwa nchi za Afrika zilizoijaribu. Mfumo huu haupunguzi bei ya sindano za kukuza mayai wala haumleti mtaalamu asiyekuwepo, lakini unathibitisha kwamba bei ya IVF si sheria ya maumbile.

Kabla ya kufika huko, mwanamke anahitaji kwanza kujua kama mirija yake imeziba kweli. Kipimo kinachotumika sana ni ile X-ray ya mirija ambayo hospitalini huiita HSG. Hufanywa hedhi ikiisha na kabla yai halijatoka. Dawa inayoonekana kwenye picha huingizwa polepole kupitia shingo ya kizazi. Kizazi hujaa na kuonekana kama pembetatu nyeupe, kisha mistari miwili myembamba hujitokeza kwenye pembe zake, na kama njia iko wazi dawa humwagika tumboni na kutawanyika. Mstari ukiishia njiani, kuna kizuizi. Lakini pale mstari usipoonekana kabisa kuanzia kwenye pembe ya kizazi, inawezekana misuli ya hapo imejikaza tu kwa maumivu au hofu. Mrija mzima huonekana umeziba kumbe haujaziba. Kwa hiyo jibu la aina hiyo linastahili kurudiwa au kuhakikiwa kwa upasuaji wa tundu dogo kabla mtu hajakata tamaa au kuuza shamba.

Kipimo hicho kina jambo la ziada. Nchini Uholanzi, wanawake 1,119 katika hospitali 27 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipimwa kwa dawa ya picha iliyochanganywa na maji, wengine kwa ile ya mafuta, ambayo hutengenezwa kwa mafuta ya mbegu za mpopi yaliyotiwa iodini. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba ndani ya miezi sita asilimia 39.7 ya waliopimwa kwa mafuta walikuwa na ujauzito unaoendelea, dhidi ya asilimia 29.1 ya waliopimwa kwa maji. Ni tofauti kubwa kwa kitu cha bei ndogo. Wauzaji wa dawa za kuzibua wakilipata hili watalishangilia, kwa hiyo tulisome vizuri: utafiti uliwachagua wanawake wasio na hatari kubwa ya ugonjwa wa mirija. Hauonyeshi kwamba mafuta yanayeyusha makovu. Na iodini hiyo hukaa mwilini muda mrefu, hivyo mwenye matatizo ya tezi ya shingo lazima amwambie daktari.

Kama mrija umeziba kwenye ncha na kujaa maji, hali ni ngumu zaidi kuliko inavyosikika. Maji hayo hurudi kwenye kizazi na kukisumbua kiinitete. Kwa wanawake wenye hali hiyo, uwezekano wa IVF kufaulu hushuka hadi karibu nusu, na tafiti za Skandinavia miaka ya 1990 zilionyesha kwamba kuutoa mrija huo kabla ya kupandikiza kunaongeza watoto wanaozaliwa hai. Ni vigumu kumweleza mwanamke anayetafuta mtoto kwamba kumkata mrija kutamsaidia kuzaa. Daktari akiketi naye dakika kumi na picha mezani, anaelewa.

Lakini mirija mingi isingefika huko. Mjini Lund, Uswidi, watafiti waliwafuatilia wanawake waliougua PID. Baada ya kuugua mara moja, asilimia 8 walipata ugumba wa mirija. Baada ya mara mbili, asilimia 19.5, mara tatu au zaidi, asilimia 40. Na waliochelewa kutibiwa siku tatu au zaidi tangu maumivu kuanza walikuwa na hatari karibu mara tatu ya kupata matatizo ya uzazi. Linganisha na mazoea yetu: mwanamke ana maumivu chini ya kitovu, anaambiwa ana UTI, anapewa vidonge vya siku tatu, yanarudi, anaambiwa ni UTI sugu. Hakuna aliyempima nyonga, na mwenzi wake hakutibiwa.

Kutibu kwa kufuata dalili kulikuwa hatua kubwa kwa wakati wake. Huko Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, jamii 12 zilishiriki utafiti ambao uliimarisha matibabu ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya vya kawaida, na maambukizi mapya ya VVU yakapungua kwa karibu asilimia 40. Tatizo ni kwamba njia hiyo inamngoja mtu alalamike, na klamidia hailalamiki. Huko Seattle, Marekani, kuwatafuta na kuwapima wanawake wasio na dalili kulipunguza PID kwa zaidi ya nusu ndani ya mwaka, kwa mujibu wa matokeo ya mwaka 1996. Utafiti wa London wa mwaka 2010 ulipoza matumaini kidogo: wanawake wengi waliopata PID mwaka ule hawakuwa na klamidia walipopimwa mwanzoni. Waliipata baadaye, au chanzo kilikuwa kingine. Ulitoa pia faraja moja, kwamba kati ya wanawake 74 waliokuwa na klamidia bila kutibiwa, saba ndio waliopata PID ndani ya miezi 12. Kuwa nayo si hukumu ya ugumba. Kuwa nayo tena na tena ndiko kunakoongeza hatari.

Kisumu wamejaribu njia nyingine. Wanawake 449 wa miaka 18 hadi 30 waliokuwa wakitumia dawa za kujikinga na VVU waligawanywa. Nusu walipewa doksisaiklini, antibiotiki ya kumeza ndani ya saa 72 baada ya kujamiiana ili kuzuia magonjwa ya zinaa. Mwaka ulipoisha kulikuwa na maambukizi 109, na 85 kati yake yalikuwa klamidia. Kati ya yote 109, 50 yalikuwa kwa waliopewa dawa na 59 kwa wasiopewa, tofauti isiyotosha kuthibitisha kinga. Watafiti walipopima nywele za baadhi yao, dawa ilionekana katika asilimia 29 tu ya sampuli. Vidonge vilichukuliwa, lakini vingi havikumezwa. Sioni hapo uzembe wa wanawake hao. Naona jinsi ilivyo vigumu kwa msichana kuweka kopo la dawa kwenye nyumba ambamo kila mtu atauliza ni la nini. Chanjo ingemwondolea mzigo huo, na ya klamidia imeshajaribiwa kwa binadamu, wanawake 35 mjini London, matokeo yakatoka 2019. Ilionekana salama na kuamsha kinga. Kama inazuia ugonjwa ni swali la majaribio makubwa zaidi.

Aliyekaa miezi 12 akijaribu bila mimba asisubiri zaidi, na kama amevuka miaka 35, miezi sita inatosha. Mume apimwe mbegu wiki ile ile, maana upande wa mwanamume unachangia katika theluthi moja hadi nusu ya kesi, na kipimo chake ni rahisi kuliko cha mke. Mwenye mirija yenye makovu akishika mimba, afanyiwe ultrasound mapema, kwa sababu hatari ya mimba kutunga nje ya kizazi ni kubwa, na maumivu makali ya upande mmoja au kuzimia ni safari ya hospitali usiku huo huo.

Kwa upande wa serikali, kifaa cha kuanzia tayari kipo. Hospitali nyingi za wilaya zina mashine ya GeneXpert, iliyoletwa kwa ajili ya kifua kikuu. Mashine hiyo hiyo, ikiwekewa katriji nyingine, hutambua klamidia na kisonono kwa dakika kama 90, na sampuli mwanamke anaweza kuichukua mwenyewe kwa pamba akiwa chooni, bila kupanda kitanda cha uchunguzi. Katriji hizo hazinunuliwi kwa wingi, na kliniki ya wajawazito, ambako karibu kila mwanamke hupita na kupimwa VVU na kaswende, bado humruhusu arudi nyumbani bila kuulizwa lolote kuhusu klamidia.